Hesabu ya Kinachorudi

Tuchukue gunia la mkaa la kilo 50 tulipigie hesabu. Tanuri la kienyeji, lile la magogo yaliyofunikwa kwa majani na udongo, hugeuza sehemu ndogo tu ya mti kuwa mkaa. Sehemu kubwa huondoka na moshi. Kwa kawaida kilo moja ya mkaa hula kilo 5 hadi 10 za kuni, kutegemea ujuzi wa mchomaji, ukavu wa magogo na namna tanuri lilivyopangwa. Gunia letu basi limekula kati ya kilo 250 na kilo 500 za mti. Msitu wa miombo, ambao ndio sehemu kubwa ya misitu ya Tanzania, ukiwemo ule wa vilima vya Babati, mkoani Manyara, hukua taratibu. Hekta moja huongeza takriban mita za ujazo 1 hadi 3 za mti kwa mwaka. Tuseme 2. Mita 2 za ujazo za miti migumu ya miombo, ikishakauka, zina uzito wa kama kilo 1,600. Maana yake ni kwamba hekta nzima, kwa mwaka mzima, inaweza kutoa magunia 3 hadi 6 na msitu ukabaki kama ulivyokuwa.

Familia inayopikia mkaa peke yake na kumaliza gunia moja kwa mwezi inahitaji magunia 12 kwa mwaka. Nyuma ya jiko lile moja la uani pamesimama hekta 2 hadi 4 za msitu, na hekta hizo hazitakiwi kukatwa nguzo, kufyekwa shamba wala kutolewa kuni za mtu mwingine. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 93,108 katika Halmashauri ya Mji wa Babati. Ile ya 2022 iliwakuta wamekwisha kuvuka laki moja. Tukikadiria watu watano kwa kaya, hizo ni kaya zaidi ya 20,000. Robo yake tu, kaya 5,000, zikitegemea mkaa kwa kiwango hicho, zinahitaji hekta 10,000 hadi 20,000 za miombo. Duru-Haitemba, msitu maarufu kuliko yote wilayani Babati, una hekta zipatazo 9,000.

Nimeanza na hesabu kwa sababu uendelevu usipopigiwa hesabu hubaki kuwa maneno ya kufungulia semina. Mkazi wa Sigino, kata mojawapo ya Halmashauri ya Mji wa Babati, amekwisha kusikia mara nyingi kwamba atunze mazingira kwa ajili ya vizazi vijavyo. Ni nadra kuambiwa atunze kiasi gani, apime kwa kipimo gani, na pale jirani yake anapozidisha, nani ana mamlaka ya kumzuia. Maswali hayo matatu ndiyo msingi wa somo lote.

Wazo lenyewe lilizaliwa katika shida ya kuni. Mwaka 1713 Hans Carl von Carlowitz, msimamizi wa migodi ya madini ya fedha katika jimbo la Saxony, Ujerumani, alichapisha kitabu kuhusu upandaji na utunzaji wa miti. Kilichomsukuma ni riziki ya migodi: tanuri za kuyeyushia madini zilikuwa zikimaliza misitu, na kuni zikikosekana kazi ingesimama na watu wangekosa ajira. Alitaka ukataji ulingane na uotaji. Zaidi ya karne mbili na nusu baadaye, mwaka 1987, tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland, waziri mkuu wa Norwei, ililipanua wazo hilo mpaka likagusa uchumi mzima: tukidhi mahitaji yetu bila kuwanyima watakaotufuata uwezo wa kukidhi ya kwao. Kutoka hapo ulikuja mkutano wa Rio wa 1992, na mwaka 2015 yakaja malengo 17 ya maendeleo endelevu. Malengo hayo ni mema, ila mtu mwenye ekari tatu za mahindi na ng'ombe wanne hawezi kuamka asubuhi na kutekeleza malengo 17. Anahitaji kanuni chache za kufanyia maamuzi.

Mtu aliyezipanga vizuri kanuni hizo, kwa maoni yangu, ni Herman Daly, mchumi wa Kimarekani aliyewahi kufanya kazi Benki ya Dunia. Alisema vitu vinavyojizalisha, kama miti, samaki na malisho, visivunwe kwa kasi inayozidi ile ya kuzaliana kwake. Vitu visivyojizalisha, kama madini na mafuta, visimalizwe kabla hatujajenga mbadala wake. Na taka tunazozitoa zisizidi uwezo wa ardhi, maji na hewa kuzimeza. Mfugaji wa Manyara anaijua kanuni ya kwanza bila kufundishwa: anakunywa maziwa, anauza madume, lakini majike wanaozaa hawagusi ila kwa shida kubwa, kwa sababu akiuza majike atakuwa ameuza na ndama ambao bado hawajazaliwa.

Kanuni za Daly zinatuambia tuchukue kiasi gani. Hazituambii nani apange kiasi hicho na nani akisimamie. Kwangu mimi hiyo ndiyo kanuni ya nne, na bila hiyo tatu za kwanza hazina miguu: anayeamua awe ndiye atakayebaki hapo kuishi na matokeo ya uamuzi wake. Kanuni hii haikutoka chuo kikuu cha Ulaya. Nchi yetu ilijifunza kwa vijiji vinane vya wilaya ya Babati, na inasikitisha kuona vijana wengi wa Babati wenyewe hawajasimuliwa habari hiyo.

Vijiji hivyo ni Ayasanda, Bubu, Duru, Endagwe, Endanachan, Gidas, Hoshan na Riroda. Msitu wa Duru-Haitemba umekaa juu ya vilima vinavyovizunguka. Kuelekea mwanzoni mwa miaka ya 1990 Serikali iliona unaharibika na ikaamua kuufanya hifadhi ya Serikali. Mipaka ikapimwa. Kwa mtaalamu wa ofisini uamuzi huo ulikuwa wa busara: msitu unakatwa, basi ufungwe. Kijijini ulieleweka vingine kabisa. Mahali ambapo watu walichunga, walitundika mizinga, walichimba dawa na kuokota kuni tangu enzi za babu zao, kesho yake wangeingia kama wezi. Kwa hiyo wengi walifanya jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili timamu angelifanya: waliwahi. Kama mti utakuwa wa Serikali mwakani, heri niukate mwaka huu. Mpango wa kuulinda msitu ukaongeza kasi ya kuumaliza.

Naomba msomaji akae na jambo hili kidogo, maana ndipo wataalamu wengi tunapokosea hadi leo. Tunapoona mtu akikata mti mchanga, tunadhani hajui thamani yake, kwa hiyo tunampelekea elimu. Mara nyingi anaijua kutuzidi. Anachokosa ni uhakika kwamba akiuacha leo, ni yeye atakayeukuta kesho. Uhakika huo ukiondoka, hata mtu mwema huvuna kama mpita njia.

Mwaka 1994 mpango wa hifadhi uliwekwa kando. Wakati huo wilaya ilikuwa na programu ya usimamizi wa ardhi iliyofadhiliwa na Sweden, ambayo wenyeji walizoea kuiita LAMP, na mshauri wake, Liz Alden Wily, pamoja na maofisa misitu wa wilaya, wakawaendea wanakijiji na swali tofauti: ninyi mngeulindaje? Kila kijiji kikaainisha sehemu yake ya msitu, kikakubaliana mipaka na majirani, kikachagua kamati na vijana wa doria, kikatunga kanuni. Zilikuwa kanuni za watu wanaoujua msitu wao. Kuchoma mkaa marufuku, kufyeka shamba marufuku, kubandua magome ya miti mikubwa marufuku. Kuokota kuni kavu ruksa, dawa ruksa, mizinga ruksa, malisho ruksa kwa maeneo na misimu iliyopangwa. Mwaka 1995 kanuni hizo zikapewa nguvu ya sheria ndogo kupitia Halmashauri ya Wilaya, na kijiji kikawa na haki ya kumtoza faini hata mtu aliyetoka mbali. Uharibifu ukapungua sana na uoto ukaanza kurudi. Miombo ina tabia njema kwa hili: ukikata mti bila kung'oa kisiki, na moto na mbuzi vikazuiwa, kisiki huchipua chenyewe. Hapakuhitajika kitalu wala kampeni ya kupanda miche milioni. Kilichohitajika ni kuupa msitu nafasi ya kujirudia.

Mfano huo ukaenea. Vijiji vitano vya Mgori, mkoani Singida, vikafuata kwa msitu wa zaidi ya hekta 40,000. Kiteto, katika mkoa huuhuu wa Manyara, vijiji vya Suledo vikaungana kulinda msitu mkubwa zaidi, na mwaka 2002 vikapata tuzo ya kimataifa ya Equator. Sera ya Taifa ya Misitu ya 1998 ikaupokea utaratibu huo, na Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002 ikautambua rasmi msitu wa hifadhi wa kijiji. Sheria inayotumika leo kuanzia Lindi hadi Katavi ina chimbuko lake katika mikutano ya hadhara iliyofanyika chini ya miti ya Riroda na Gidas.

Walimwengu walipewa maelezo ya jambo hili na Elinor Ostrom, mwanasayansi wa siasa wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2009. Kabla yake wengi walimfuata Garrett Hardin, aliyeandika mwaka 1968 kwamba malisho ya wote lazima yaishe, kwa kuwa kila mfugaji ataongeza ng'ombe mmoja zaidi. Dawa ikawa ama kubinafsisha ama kutaifisha. Ostrom alikwenda kuangalia malisho, mifereji, misitu na maeneo ya uvuvi ya watu halisi, katika mabara kadhaa, akakuta jamii zilizotunza mali ya pamoja kwa mamia ya miaka. Zilifanana kwa mambo fulani: mipaka inayojulikana, kanuni zinazotungwa na watumiaji wenyewe, walinzi wanaowajibika kwa watumiaji, adhabu inayoanza ndogo na kupanda kwa anayerudia, mahali pa karibu pa kusuluhisha ugomvi, na dola inayoheshimu haki ya watu kujipangia. Hardin alieleza malisho yasiyo na mwenyewe. Duru-Haitemba ulikuwa na wenyewe, na hatari kubwa iliupata pale tu wenyewe walipoambiwa wanakaribia kunyang'anywa.

Karibu na hapo, ukishuka barabara ya kuelekea Dodoma, kuna mfano uliokwenda kwa njia nyingine. Milima ya Kondoa ilikuwa imechanika makorongo ya kutisha. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 ikaamuru mifugo yote iondolewe katika eneo la Kondoa lililoharibika zaidi. Majani yakaota, makorongo yakaanza kutulia, na anayesema mradi ule haukuokoa udongo anakosea. Lakini ng'ombe waliohamishwa hawakuacha kula. Walikula kwingine, na kaya zilizobaki zikakosa maziwa, samadi na akiba yao ya siku ya shida mpaka ufugaji wa ndani uliporuhusiwa miaka kadhaa baadaye. Kwa hiyo ukiulizwa kama mradi fulani ni endelevu, uliza mzigo ulioondolewa hapa umetuliwa wapi.

Swali hilo halina budi kuulizwa hata kwa Duru-Haitemba. Vijiji vinane vikikataza mkaa, mahitaji ya mji wa Babati hayapungui hata kwa gunia moja. Tanuri linahamia kwenye msitu ambao haujapata watu wa kuutetea. Anayenunua mkaa mjini hahudhurii mkutano wa kijiji unakotoka, haoni kisiki, na bei anayolipa ina nauli, ushuru na faida ya mchuuzi, lakini haina gharama ya miaka ambayo mti utachukua kurudi. Mlaji na msitu wametenganishwa. Ndiyo maana naona mzigo mzito wa uendelevu kwa sasa uko katika kata zilizo katikati ya shamba na mji, Sigino ikiwemo, kuliko ilivyo katika vijiji vya msituni.

Kuhusu nishati, Serikali imechukua hatua. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilitakiwa kuachana na kuni na mkaa kufikia mwisho wa Januari 2024, na mkakati wa taifa uliozinduliwa mwaka huohuo unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Nauunga mkono, kwa sababu moshi wa jikoni unawaumiza kina mama na watoto kila siku. Lakini tuupime kwa kanuni zilezile. Gesi ya mitungi ni mali isiyojizalisha na inaagizwa kutoka nje. Inafaa kama daraja la kuvukia, ilimradi tunajenga cha kukanyaga upande wa pili. Manyara ina ng'ombe wengi. Kaya inayofuga ndani inaweza kupata biogesi ya kupikia kutokana na samadi, na tope linalobaki likarudi shambani likiwa na rutuba yake. Hapo jiko, zizi na shamba vinalishana.

Kuna pia kuni ambazo watunga mikakati huzisahau, nazo ni mabua ya mbaazi. Wilaya ya Babati ni miongoni mwa maeneo yanayojulikana sana nchini kwa kuchanganya mahindi na mbaazi, na mchanganyiko huo ni darasa kamili la uendelevu. Mbaazi huanza kukua taratibu, kwa hiyo hazigombani na mahindi katika wiki zake muhimu. Mahindi yakishavunwa, mbaazi hubaki shambani na kunyonya unyevu wa chini ambao mizizi ya mahindi haiufikii. Bakteria katika vifundo vya mizizi yake huchukua naitrojeni ya hewani na kuifanya chakula cha mmea. Majani yanayopukutika hurutubisha udongo. Mbaazi huliwa na huuzwa, na mwisho shina lake gumu huingia jikoni. Shamba moja linatoa chakula, fedha, mbolea na kuni bila kugusa mti mmoja wa kilimani.

Kisha ukaja mwaka 2017. India, mnunuzi mkuu wa mbaazi zetu, iliweka kikomo cha uagizaji mwezi Agosti mwaka huo, wakati wakulima wa Babati wakiwa wanavuna. Bei ikaporomoka vibaya. Wapo walioacha mavuno shambani kwa kuwa hayakulipa gharama ya kuyatoa. Mtaalamu wa udongo akimwambia mkulima huyo kwamba mbaazi zinatunza ardhi, atakuwa anasema kweli, na mkulima akizing'oa naye atakuwa na sababu yake. Kilimo kinachotunza udongo lakini hakimlipi anayelima hakidumu. Ndiyo maana ninapoulizwa kuhusu uendelevu wa ardhi ya Babati huwa nataja mapema soko la pili la mbaazi, usindikaji wa hapahapa na ulaji wa ndani ya nchi. Watanzania wa mikoa mingi bado wanaziona mbaazi kama chakula cha pwani, na hilo linaweza kubadilika.

Jambo jingine linalomaliza udongo kimyakimya ni kukodi shamba kwa msimu mmoja. Aliyekodi mwaka huu bila uhakika wa mwakani hatapeleka mkokoteni wa samadi, hatachimba makingamaji, hatapanda majani kwenye kingo. Faida ya kazi hizo hukomaa msimu wa pili na wa tatu, ambapo shamba litakuwa mikononi mwa mwingine. Chovya chovya humaliza buyu la asali, na hapa buyu linapitishwa kutoka mkono hadi mkono. Ugonjwa ni ule uliokuwa Duru-Haitemba mwaka wa vipimo vya mipaka, na tiba inakaribiana: mikataba ya miaka mitatu au mitano, iliyoandikwa mbele ya viongozi, yenye kipengele cha mkodishaji kufidia kazi iliyofanywa kwenye ardhi.

Udongo unaoondoka una mahali unapokwenda. Babati ni mji ulio chini ya miteremko, mlima Kwaraa upande mmoja na vilima upande mwingine, na bondeni kuna Ziwa Babati, ziwa dogo lenye viboko na wavuvi wake. Mwaka 1990 maji ya ziwa yalifurika hadi mjini. Ziwa la namna hii ndilo linalomeza kila tunachokiachia huko juu: tope la mashamba yasiyo na kingo, mbolea iliyosombwa, maji ya mitaro, plastiki. Hii ndiyo kanuni ya Daly kuhusu taka, na mipaka ya kiutawala haiitambui. Tope halisimami kwenye mpaka wa kata. Sitaki hata hivyo kila janga la miteremko ya Manyara litupwe kwa mkulima. Maporomoko ya Katesh, wilayani Hanang, ya tarehe 3 Desemba 2023, yaliyoua watu zaidi ya 80, yalianzia kwenye sehemu dhaifu ya mlima iliyokwisha kulowa maji. Kilichobaki mikononi mwetu hapo ni kuamua nyumba zijengwe wapi na mkondo wa maji uachwe wapi, na huo ni uamuzi wa mipango miji.

Kuhusu vitu visivyojizalisha, nitayagusa machimbo ya Minjingu kwa ufupi. Fosfati ya hapo, inayotengenezewa mbolea, chimbuko lake ni ndege wa ziwa la kale walioacha kinyesi na mifupa kwa muda mrefu mno. Haitarudi katika maisha ya taifa lolote. Kuichimba si dhambi. Dhambi ni kuitawanya kwenye shamba lisilo na kingo ili mvua ya kwanza iipeleke ziwani. Kilo ya mbolea iliyobaki shambani ikawa mahindi imetumika. Iliyosombwa imepotea mara mbili, kwa mkulima na kwa ziwa.

Sasa niingie kwenye jambo linalonitia wasiwasi kuliko yote kuhusu Sigino na kata zinazofanana nayo. Ndani ya Halmashauri ya Mji wa Babati kuna vijiji na kuna mitaa, na mji unapokua vijiji hugeuka mitaa. Watu huipokea habari hiyo kwa furaha, kwa kuwa inakuja na viwanja vilivyopimwa, hati, umeme na barabara. Wachache hutazama kinachoondoka. Kijiji, kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982, ni chombo kamili kisheria; halmashauri yake inaweza kumiliki mali, kushtaki na kutunga sheria ndogo. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, halmashauri hiyo ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na mkutano mkuu una sauti juu yake. Mtaa uko chini ya sheria nyingine, ile ya Mamlaka za Miji Na. 8 ya 1982. Una mwenyekiti, una kamati, una mkutano wa wakazi, lakini hauna mamlaka ya kutunga sheria ndogo wala ya kugawa ardhi. Mamlaka hayo yamepanda kwenda Halmashauri ya Mji na Wizara ya Ardhi.

Chombo kilekile kilichouokoa msitu wa Duru-Haitemba, yaani mkutano wa watu wanaofahamiana, wenye haki ya kutunga kanuni na kumtoza faini anayezivunja, kinapungua nguvu hasa pale ambapo shinikizo juu ya ardhi linapanda. Malisho ya pamoja yanakatwa viwanja. Kichaka cha kilimani kinakosa msemaji. Korongo ambalo wazee walijua halijengwi linapata nyumba, kwa sababu mnunuzi ametoka mbali na hakuna mkutano wenye uwezo wa kumkatalia. Mji wenyewe siulaumu. Mji unaleta shule, hospitali na soko la maziwa. Naulaumu utaratibu unaohamisha mamlaka bila kuhamisha wajibu uliokuwa umeshikamana nayo.

Upo mwanya ndani ya sheria zilizopo, na si mgumu. Halmashauri ya Mji yenyewe inaweza kutunga sheria ndogo, na haizuiwi kuikabidhi kamati ya mtaa kazi ya ulinzi na taarifa, kwa mgawo wa faini unaoandikwa wazi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 tayari inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na fukwe za maziwa. Mita hizo zinaweza kupimwa na kuwekewa alama kabla ya viwanja vya jirani kupimwa. Vijiji ambavyo bado ni vijiji vinaweza kutenga sasa, kwa muhtasari wa mkutano mkuu na mpango wa matumizi ya ardhi, kichaka chao, mapito ya maji na malisho yao, ili ramani ya mipango miji itakapochorwa ivikute vimekwisha kuandikwa. Kazi hiyo inahitaji ofisa ardhi, ofisa misitu, diwani na mkutano mmoja au miwili yenye mahudhurio mazuri. Ikisubiri mpaka kijiji kimekwisha kufutwa kwenye daftari, mkutano huohuo, wa watu walewale, utakuwa na uwezo wa kutoa maombi tu.